Anayepuliza Haguswi

Daktari wa meno alikuwa kijana mdogo mwenye sauti ya upole, na mimi sikwenda pale kwa ajili yangu. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu. Jumamosi alikuwa anapiga muziki kwenye harusi huku Old Korogwe, yeye na kompyuta yake na maspika mawili makubwa kama makabati. Wajomba wa bwana harusi wakataka wimbo wao, wajomba wa bibi harusi wakataka wa kwao, na katika kuelewana huko chupa ya soda ikatua mdomoni mwa DJ. Meno mawili ya mbele, ya juu. Alikaa kwenye kiti cha daktari huku ameziba mdomo kwa kanga yangu, dume zima, anatoa machozi.

Daktari alipomaliza kumchungulia akanigeukia mimi. Nadhani nilikuwa nimefungua mdomo kusema jambo, akaona.

"Mama, na wewe palepale?"

Nikamwambia ndiyo, palepale, meno yaleyale. Akauliza kama nilianguka au ilikuwa pikipiki. Nikamwambia nilipigwa na zumari. Akacheka kwa adabu, kama wanavyocheka vijana wa siku hizi mkubwa akisema jambo wasilolielewa, kisha akaendelea na kazi yake. Foleni ilikuwa ndefu, nami sikumlaumu. Lakini wewe nakueleza, kwa sababu umekaa, na kwa sababu hadithi hii ilinirudia pale kwenye benchi na haijanitoka mpaka leo.

Nimelelewa Kang'ata, Handeni, kwa bibi mzaa mama. Usinionee huruma, sikuwa yatima. Mama yangu alikuwa hukuhuku Korogwe akiuza machungwa stendi, akaona mtoto hawezi kukulia chini ya matairi ya mabasi, akanipeleka kwa mama yake. Ninapoikumbuka Kang'ata naikumbuka baada ya mavuno. Nyumba nzima inanuka magunzi makavu, tunapukuchua mahindi mpaka vidole gumba vinachubuka, na kila upande unasikia michi inapishana kwenye vinu. Jioni bibi anasonga bada, ugali wetu ule wa muhogo unaonata, kwa mlenda na samaki mkavu ambaye chumvi yake inakufanya unywe maji usiku kucha. Kipindi hicho ndicho watu wa kwetu walikuwa wakioana, na ndicho walikuwa wakipigana. Mambo hayo mawili yalikuwa na msimu mmoja.

Bibi alikuwa mfupi, mwembamba, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wake. Mimi alinipiga kwa mwiko, mbuzi aliwapiga kwa chochote kilichokuwa karibu, na kuna mchuuzi mmoja aliyempunja mahindi akapigwa kwa pishi lake mwenyewe mbele ya wateja. Alinipenda sana. Nilijua hivyo kwa sababu wengine aliwapiga kwa nguvu zaidi.

Harusi za kwetu hazikuwa na ngoma moja. Kulikuwa na kikundi chetu, cha upande wa kisimani, na kikundi cha ng'ambo ya korongo. Kila mwenye harusi aliwaita wote wawili ili asimuudhi yeyote, na kwa kufanya hivyo alikuwa amekwisha kuwaudhi wote. Mnasimama huku na wenzenu kule, uwanja mmoja, alasiri jua likiwa bado kali. Mnapiga. Watu wanahamia kwa mwenye ngoma tamu, na kikundi ambacho uwanja wake umebaki mtupu kinarudi nyumbani kikizomewa hadi mavuno mengine. Sasa usidhani watu waliiacha aibu hiyo ije hivihivi. Zilianza nyimbo za mafumbo, zikafuata konzi za mchanga, kisha bakora, kisha michi. Mpiga ngoma wetu mkubwa alikuwa na nusu ya sikio, nusu nyingine iliondoka na meno ya mtu wa ng'ambo, naye alipenda kuligeuza upande wa wageni ili walione.

Kiongozi wa kila kikundi alikuwa mwenye chombo cha kupuliza. Kwetu ilikuwa filimbi ndefu ya mwanzi, na tangu zamani ilishikwa na msichana. Bibi aliishika alipokuwa mwali, na sasa niliishika mimi. Ng'ambo walikuwa na zumari, nayo ilikuwa ya mzee mmoja mwenye mashavu yaliyolegea kama mfuko uliomwagwa unga. Akianza kupuliza mashavu yale yalijaa, na sauti ikatoka kali, haikatiki, mpaka nywele za shingo zinasimama.

Na kulikuwa na sheria moja, ambayo sikuwahi kusikia nani aliitunga. Anayepuliza haguswi. Watu wanaweza kuchanana pande zote mbili, lakini maadamu pumzi inapita kwenye chombo na chombo kinalia, mpulizaji haguswi hata kwa ukucha. Nimesimama katikati ya vita, msichana wa darasa la sita, ninapuliza filimbi na bakora zinapita pembeni ya masikio yangu, mtu mzima anaanguka miguuni pangu akivuja damu, na mimi hakuna aliyenipangusa hata vumbi. Ila ukinyamaza, hata kwa kumeza mate tu, wewe ni mtu kama watu wengine na kichwa chako ni kichwa kama vichwa vingine.

Ndiyo maana mpulizaji wa kweli alitakiwa awe na chombo cha pili kiunoni. Mwanzi hupasuka kwa jua. Ukipasuka na huna kingine cha kupachika mdomoni hapohapo, umekwisha. "Chombo kimoja ni mguu mmoja," alikuwa akisema bibi. "Utasimama, lakini usisukumwe."

Mwaka huo ulikuwa wangu wa kuchagua chombo cha pili, na nilikuwa nimekwisha kuchagua. Nilipokwenda kumwona mama Korogwe niliona matarumbeta yakipita barabarani na bibi harusi, yamepakiwa nyuma ya gari dogo, na katikati yao mwanamume mmoja anapuliza saksafoni inayong'aa. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeshiba. Nilirudi Kang'ata sina habari nyingine. Bibi akauliza, "Lile bomba la maji?" Lakini akakubali kwamba msimu ukiisha atanipeleka kwa mama nikajifunze, maana alipiga hesabu zake akaona hakuna mtu wa ng'ambo atakayebaki uwanjani akisikia sauti ile.

Msimu haukuisha salama. Jirani yetu aliozesha binti yake, vikundi vyote viwili vikaitwa, na kuanzia mwanzo zumari ya mzee yule ilitushinda. Watu walikuwa wanatuhama kama maji yanavyoondoka kwenye kikapu. Bibi akanivuta kanga, akanitia mkononi nusu ya ndimu.

"Nenda mbele yake uilambe," akasema. "Polepole, akuone."

Kama hujawahi kupuliza chombo, nakueleza. Mdomo unaopuliza hautakiwi kuwa na mate, na mtu akilamba ndimu mbele yako mate yanakujaa utake usitake. Hata wewe sasa hivi unaponisikiliza yamekujaa. Basi nikaenda. Nikasimama mbele ya yule mzee, nikaitoa filimbi mdomoni, nikailamba ndimu ile kwa ulimi wote huku nimekunja uso. Mashavu yake yakatetemeka. Zumari ikakoroma, ikatoa mlio wa bata, mate yakachuruzika kwenye kidevu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Sijawahi kujuta kwa ndimu ile. Ilikuwa kazi nzuri na niliifanya vizuri.

Kosa lilikuwa moja tu, na bibi na uzoefu wake wote hakuliona. Ulimi unaolamba ndimu hauwezi kupuliza filimbi.

Mzee akaishusha zumari. Akapangusa kidevu. Akanitazama, akaitazama filimbi yangu iliyokuwa inaning'inia mkononi, kimya. Alikuwa mtu wa kufuata sheria. Akaishika zumari kwa chini, ya mpingo ile, mdomo wake umevishwa shaba, akaizungusha, ikanipata kwenye meno.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia ndimu, kisha nikasikia ladha kama ya sufuria la chuma, kisha nikatema kwenye kiganja nikayaona meno yangu, madogo kuliko nilivyokuwa nikiyadhani. Nilipoinua macho bibi alikuwa amekwisha kufika na mchi. Mzee aliinua mkono wa kushoto ajikinge kichwa, na zumari yake ilikuwa kimya. Mchi ukatua vidoleni. Mlio wake nausikia hadi leo, kama mabua makavu yanayokanyagwa.

Baada ya hapo sikumbuki kwa mpangilio. Sufuria la pilau la harusi lilipinduliwa na watu wakawa wanapigana huku wanateleza kwenye wali. Bibi harusi mwenyewe, na hina yake mikononi, alimpiga shemeji yake kwa kigoda. Mpiga ngoma wetu alilishika sikio lake zima kwa mkono mmoja na kupigana kwa mkono mwingine. Mimi nilikaa chini ya meza ya maakuli nimeyashika meno yangu, damu inanitoka, nawaza jambo moja tu, kama nitapuliza tena.

Wazee wa pande mbili walikaa kesho yake kusuluhisha, wakauliza swali moja kwa kila upande, je, aliyepigwa alikuwa anapuliza au amenyamaza? Amenyamaza, wakajibiwa. Wote wawili. Basi wakasema hakuna kesi, wakanywa kahawa, wakaondoka.

Bibi alinisukutua kwa maji ya chumvi, akaninywesha uji wa mtama, na kila aliponitazama alitukana watu wa ng'ambo kwa Kizigua, polepole, ukoo mmoja baada ya mwingine. Midomo ilipopungua uvimbe nikaichukua filimbi. Ikatoka hewa tu, fyuu, kama tairi la baiskeli. Mdomo wa juu haukuwa na kitu cha kuuegemea, ulikuwa unaingia ndani. Nilijaribu asubuhi, nikajaribu mchana, nikajaribu nyuma ya choo ili bibi asisikie. Fyuu. Nililia kilio ambacho sikulia siku ya kupigwa. Nilikuwa msichana wa filimbi, hilo ndilo lililokuwa jina langu pale kijijini, na bila filimbi nilikuwa mtoto wa kutumwa kisimani kama wengine wote. Na msimu ukirudi bila mpulizaji, bibi yangu angezomewa mbele ya vilemba vya wazee. Ningeona afadhali ninyang'anywe meno yaliyobaki.

Kikabaki chombo cha pili. Bibi akanipandisha gari la asubuhi, nikashuka Korogwe kwa mama, na mama akanipeleka kwa mwalimu wa matarumbeta, Old Korogwe, karibu na mto. Mwalimu huyo alikuwa anafundisha kwa kijiti cha ngoma. Ukikosea kidogo kinakugonga begani, ukikosea sana kinakugonga kichwani, na uwanja wake ulikuwa umejaa vijana wenye nundu. Akanipa saksafoni. Nakwambia niliishika kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Nikaitia mdomoni, ikateleza. Nikaibana, ikateleza. Akanifunua mdomo kwa kidole gumba, kama watu wanavyokagua mbuzi mnadani.

"Hii inashikwa kwa meno ya juu, mwanangu," akasema. "Wewe huna mlango. Chombo cha mtu kama wewe ni zumari. Ulimi wake, kile kitete cha kupulizia, unaingia mdomoni wote, midomo inabana kwenye kile kisahani cha chini yake, meno hayana kazi. Hata vibogoyo wanapuliza."

"Nani anafundisha zumari?" nikamuuliza.

"Mimi nitajua wapi? Mambo ya shamba hayo." Akanigonga na kijiti utosini, sijui kwa kosa gani, labda ili nisisahau.

Mama aliona mambo yameisha vizuri. Akasema nibaki, nimsaidie kumenya machungwa, filimbi hazijengi nyumba. Mimi nilimjua mpiga zumari mmoja tu duniani, na nilijua vidole vyake viko katika hali gani.

Nikarudi Kang'ata. Nikamwambia bibi saksafoni imenikataa, na zumari sikuitaja. Kesho yake nikachukua kamba na panga, nikasema naenda kuni, nikavuka korongo.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani, mkono wa kushoto umefungwa vitambaa, zumari imetundikwa ukutani juu ya kichwa chake. Nikasimama mbali, nje ya urefu wa mkono.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kunirudishia vidole au umekuja kudai meno?"

"Nimekuja kujifunza zumari."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatema. Kisha akautazama ule mkono wake. Niliona kwamba na yeye alikuwa na hofu ileile yangu, mtu mzima na mvi zake. Vidole viwili havikunyooka tena kamwe.

"Pumzi ninayo, vidole sina," akasema. "Wewe vidole unavyo. Akili ndiyo huna. Kaa chini."

Hakunipa zumari. Alikata kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu katikati, akanipa na bakuli la maji. Kazi yangu ilikuwa kupuliza ndani ya maji na mapovu yasikatike. Ukiishiwa pumzi, unaifungia mashavuni hewa iliyobaki, unaisukuma kwa mashavu huku unavuta nyingine puani. Kusema ni rahisi. "Maji yasinyamaze," ndilo somo lote alilonipa. Na maji yakinyamaza, kofi la kisogo, kwa mkono wa kulia, ule mzima. Hakuwa akinionea. Sheria ilikuwa ileile, nimenyamaza, napigika.

Hivyo ndivyo nilivyoumaliza mwaka ule. Nakwenda kuni, napigwa kofi, narudi na kuni. Kisogo kilivimba nikawa nalala kifudifudi. Maji yalinipanda puani, nikatapika kwenye miguu yake, nikapigwa kwa hilo pia. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote, na chuki ile ilinifaa, kwa sababu nilikuwa natamani siku moja tu nimkoseshe sababu ya kunipiga. Mapovu yakawa yanarefuka. Siku nyingine mkono wake ulikaa tayari nyuma ya kichwa changu mpaka ukachoka, akaushusha mwenyewe, akasema, "Hm." Nilirudi nyumbani na hm ile kama nimepewa kanga mpya.

Siku aliyonitundulia zumari ukutani na kunitia mkononi, ilikuwa alasiri, hakuna upepo. Nikaufunika ulimi wake wote kwa midomo yangu, nikabana kisahani, nikapuliza. Iliita! Nilihisi fuvu linatikisika. Pengo langu halikuvujisha hata chembe. Sauti ikatoka uani, ikavuka korongo, ikafika upande wa kisimani, na kule kila mtu aliijua zumari ile na kila mtu alijua kwamba mwenyewe hana vidole. Bibi alikuwa kwenye kinu. Hakuweka hata mchi chini.

Nilimwona anapanda kutoka korongoni, mfupi, unga umemjaa mikononi, mchi begani. Niliendelea kupuliza. Si ujasiri, niliogopa kuacha. Akanitazama mimi, akakiona kisogo changu kilivyovimba, akamtazama mzee.

"Mwanangu ndiye ngoma yako sasa?" akasema. "Mtoto, toka hapo nimmalize."

Sikutoka, na sikuweza kumjibu kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi. Nikasimama mbele ya mzee. Bibi akazunguka kushoto, nikageuka. Akazunguka kulia, nikageuka. Mimi hakuweza kunigusa, nilikuwa napuliza. Lakini mzee alikuwa kimya, na mtu wa kimya ni halali. Akanipita kwapani kama kuku, mchi ukapanda juu.

Mzee, na utu uzima wake, alilidaka bakuli la maji na kile kikonyo cha mpapai, akakitia mdomoni, akaanza kupuliza. Blu blu blu blu.

Mchi ukabaki hewani. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kukimbilia uani na bakora zao, nao wakasimama.

"Hayo ni mapovu!" bibi akapiga kelele. "Si muziki hayo!"

"Anapuliza," akasema jirani mmoja wa mzee, bakora mkononi. "Sheria haijasema apulize nini."

"Nitakupasua wewe kwanza."

"Nipasue, lakini anapuliza."

Bibi alihema. Akamtazama mzee, macho yamemtoka juu ya bakuli kama chura. Akanitazama mimi. Kisha akakigeuza kinu cha watu, akakikalia, mchi kwenye mapaja. "Nitasubiri," akasema. "Mmoja wenu atameza mate."

Tukapuliza. Machozi yalinitoka, kamasi ikanitoka, ufizi wangu ukafunguka nikasikia damu ya chumvi kwenye ulimi wa zumari. Nyuma yangu nilisikia mapovu yanapungua kwa sababu maji yalikuwa yanamrukia mzee kifuani. Mke wa jirani akaja na kata akamwongezea, na bibi akapinga vikali kwamba hiyo ni kusaidiwa. Hakuna aliyecheka. Bakora zilikuwa juu, na ingetosha mimi kukohoa mara moja watu wafe pale uani. Nilijua hivyo. Nilivuta kwa pua, nikasukuma kwa mashavu, nikavuta kwa pua. Halafu nikaona uso wa bibi unabadilika. Alikuwa mpulizaji zamani, alijua pumzi ya mtu inaishia wapi, na yangu ilikuwa imepapita mahali hapo mara nyingi. Alikuwa ameanza kusikiliza, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Adhana ya Magharibi ndiyo iliyotuokoa. Bibi hakuwahi kuacha sala. Akasimama, akapangusa unga, akauegemeza mchi kwenye ukuta wa mzee.

"Nitarudi," akasema, akashuka korongoni.

Mzee alianguka ubavu, akatapika maji, akacheka, akatapika tena. Nami nikaacha kupuliza. Ndiyo siku pekee niliyonyamaza karibu na mkono wake asinipige.

Usiku huo bibi alisonga bada, akaniwekea kipande kikubwa. Tukala. Mwishowe akasema, "Upake mafuta kisogo." Na baadaye, akiwa ameshajilaza, amenipa mgongo, akasema, "Ulikuwa unavuta wapi pumzi?" Nikamwambia puani. Akasema, "Mh. Mimi nisingeweza." Katika maisha yake yote hilo ndilo neno pekee la namna hiyo nililolisikia likitoka kwake, na nililia kimyakimya kwenye mkeka.

Msimu uliofuata nilisimama katikati ya uwanja, kwa sababu pande zote mbili zilinidai. Wa kisimani walisema mtoto ni wao, wa ng'ambo walisema zumari ni yao, na wakapigana kwa ajili hiyo kuliko walivyowahi kupigana. Nilipuliza tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukatika, pengo langu na yote, na hakuna aliyenigusa. Bibi alitoka pale na jicho limefunga, anachechemea, anaimba.

Ule mchi bibi hakuurudia. Na mzee hakuurudisha. Ulikaa umeegemea ukutani kwake hadi alipokufa, na akinifundisha aliutupia jicho mara kwa mara. Bibi naye akafuata. Nilipokwenda Kang'ata mwaka jana nyumba ya mzee ilikuwa kichuguu, na wa kuniambia mchi ulikwenda wapi hakuwepo. Vikundi havikukatazwa na mtu. Vilikonda tu. Watu walihama, maspika yakaja, mwenye harusi akaona afadhali mashine moja kuliko vikundi viwili na sufuria la pilau kupinduliwa. Siwalaumu.

Ila ugomvi haukuhama. Jumamosi ile nilikuwepo. Niliona chupa inaruka, nikaona mtoto wa dada yangu anaanguka nyuma ya kompyuta yake, damu kifuani, na wimbo ukaendelea. Uliimba ubeti, ukaimba kiitikio, na upande wa pili wa turubai watu waliendelea kucheza, mikono juu, hawajui. Walimpiga teke akiwa chini na muziki wake unalia kwa nguvu zote. Nilishika kichwa. Kwetu hata watu waliong'atana masikio wasingefanya hivyo.

Tulipotoka kwa daktari nilimpeleka kwangu. Nikampikia uji wa mtama, na alipomaliza nikamwekea mezani bakuli la maji na mrija. Nikamwonyesha zumari aliyoniachia yule mzee, imetundikwa ukutani. Nikamwambia meno hayahitajiki, mimi ni shahidi, kompyuta ni chombo kimoja na chombo kimoja ni mguu mmoja.

Alinitazama kwa huruma, mdomo umevimba. "Mama mkubwa, daktari kasema Ijumaa ananiwekea mengine," akasema. "Jumamosi nina harusi Kerenge."

Akanishukuru kwa uji, akaenda kulala. Nikabaki na bakuli. Nikachukua mrija, nikapuliza. Kifua si kile, lakini mashavu yanakumbuka, na maji hayakunyamaza mpaka chai ya jirani ikaiva na kunyweka. Halafu nikachoka, nikaacha, nikainamisha kisogo kama nilivyozoea.

Hakuna aliyenipiga.